Miaka mitano na Fit yangu ya samaki, Malindi

Gari langu nililinunua nimesimama wima. Hilo ndilo kosa lililonigharimu kuliko mengine yote, kwa hiyo naanza nalo.

Ilikuwa 2019, kwenye yadi moja Mombasa. Nililizunguka gari mara mbili, nikapitisha kiganja kwenye rangi, nikafungua na kufunga milango yote, nikakaa, nikawasha. Injini ilitulia. Dalali akachuchumaa kidogo upande wa dereva akaniambia, "Dada, chini limepakwa rangi ya kuzuia kutu wiki iliyopita tu, tazama linavyong'aa." Nikachuchumaa kama yeye, nikaona weusi unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, nikaridhika. Jua halijatua nilikuwa nishavuka daraja la Kilifi narudi nyumbani na Honda Fit ya 2008, nimelipa shilingi 470,000.

Siku ya tatu nikalipeleka Maweni, kwa fundi aliyekuwa akitengeneza pikapu ya marehemu baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Hebu tulitazame."

Boneti hakuigusa. Alitandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini ya mlango wa nyuma wa kushoto, kisha akaniita nilale na mimi. Sikuwa nimetoka nyumbani nikijua nitalala mchangani na buibui langu, lakini nililala. Mkononi alikuwa na bisibisi bapa. Akaanza kugonga kwa mpini ile kingo ya chuma inayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma: ngo, ngo, ngo. Akasogea shubiri moja kuelekea nyuma, akagonga tena, na sauti ikafa, kama unapogonga kifuu kilichojaa mchanga. Akaigeuza bisibisi, akasukuma kidogo tu. Ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, ule weusi wa kung'aa ulitoka mzimamzima kama ganda la kidonda, na nyuma yake unga mwekundu ukanimwagikia mkononi.

"Hii si dawa mwanangu. Hii ni lami juu ya jipu."

Kukata chuma kilichooza pande zote mbili, kuchomelea bati jipya na kupaka praima kulinila shilingi 38,000 na wiki nzima bila gari. Fundi alinieleza jambo ambalo tangu siku hiyo namweleza kila anayeniuliza: kutu haizimwi kwa kufunikwa. Ukipaka lami au rangi nzito juu ya chuma kilichokwisha kuanza kuliwa, unyevu na chumvi vinabaki ndani vikiendelea na kazi, tena sasa hakuna anayeviona. Ndiyo maana gari la zamani lenye tumbo jipya jeusi linanitia wasiwasi kuliko gari lenye vumbi na kutu kidogo ya wazi. Ile ya wazi unajua umbali wake.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa nini Fit.

Mimi nauza samaki. Nawachukua Mayungu na Ngomeni alfajiri, nawapeleka kwenye mikahawa na nyumba za wageni za hapa Malindi na Watamu. Miaka sita nilikuwa nikikodi tuktuk, na tuktuk ya kwenda Ngomeni na kurudi inakula faida yote kabla hujapima kilo ya kwanza. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja, Probox. Sibishani nao, Probox ni gari la kazi. Ila zote za bei yangu zilikuwa zimekwisha kubeba miraa au mikate mpaka springi zimelala, na mimi nilitaka gari ambalo jioni litapeleka watoto madrasa bila kuonekana kama gari la mizigo. Injini nilitaka ya cc 1300 hivi, kwa sababu ya petroli.

Jambo moja nililifanya sawasawa. Kabla ya kupanda basi kwenda Mombasa nilichukua uzi wa cherehani, nikaupima kwenye sanduku langu kubwa la barafu na kufunga mafundo matatu: urefu, upana na kimo. Uzi huo niliuingiza kwenye buti ya kila gari nililoonyeshwa. Vitz ya wakati ule, fundo la urefu lilikwama kwenye kiti cha nyuma. Kwenye Demio uliingia urefu, kimo kikakataa. Kwenye Fit ukaingia wote na nafasi ikabaki. Sababu nilikuja kuijua baadaye: waliolichora walilitoa tangi la petroli chini ya viti vya nyuma, mahali lilipo kwenye magari mengi madogo, wakaliweka chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo viti vya nyuma vinalala chini kabisa, na sakafu inakuwa ya chini kama ya gari kubwa. Ni akili niliyoishukuru kila alfajiri. Lakini ina upande wake wa pili: tangi liko katikati ya tumbo, na barabara zetu zina mawe katikati. Nitalifikia hilo.

Kabla ya langu niliendesha Fit nyingine ya zamani zaidi, ya umbo la kwanza, bei yake chini kwa laki moja na zaidi. Lilipoondoka kutoka kusimama likawa linatetemeka mwili mzima, kama mtu aliyetoka baharini wakati wa kusi, kisha likishika mwendo linatulia. Muuzaji akasema ni plagi. Injini hizo za kwanza kweli zina plagi nane, mbili kwa kila silinda, kwa hiyo neno lake lingeweza kuaminika. Lakini mtetemo wa kuondokea kwenye gari la gia za CVT ni dalili ya gia, na huenda ni kwa sababu mtu ametia mafuta ya gia ya kawaida badala ya yale yake. CVT haina meno ya gia, ina mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili, na kushika kwake kunategemea mafuta yenyewe. Langu linatumia yale ya Honda yaliyoandikwa HMMF. Nayabadilisha kila baada ya kilomita 40,000, na kopo natoka nalo mimi mwenyewe dukani. Simwachii mtu.

Karatasi sina mengi ya kusema. Fanya upekuzi wa kitabu cha gari kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kabla ya kutoa hata shilingi, uone jina la mwenyewe na kama gari lina deni la benki. Bima ya gari la binafsi haikusudiwi biashara, kwa hiyo mwambie wakala ukweli kwamba utabeba mzigo. Nililipia zaidi na nikalala usingizi.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni mikoba ya hewa, ile inayofura mbele yako gari likigonga. Magari mengi ya Japani ya miaka hiyo, Fit yakiwemo, yaliitwa yarudishwe kubadilishwa vipulizia, vile vinavyoifurisha mikoba, vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata, kwa sababu baruti iliyomo ndani inaharibika ikikaa miaka kwenye joto na unyevu, na siku ya ajali kipulizia kinaweza kupasuka kikarusha vipande vya chuma usoni mwa mtu. Joto na unyevu! Nani ana vitu hivyo kuliko sisi? Gari likishauzwa likapanda meli, hakuna anayemfuata mwenyewe mpya kumwambia. Nilichukua namba ya chesisi nikaitafuta kwenye orodha ya watengenezaji. Langu lilikuwa limeshabadilishwa huko huko Japani. Nilisoma majibu yale mara tatu, nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Chumvi ndiyo habari kubwa. Ukifika Ngomeni utazame baharini utaona majukwaa ya chuma ya San Marco, yale Waitaliano waliyorushia setilaiti ya Uhuru mwaka 1970. Chuma kizito namna ile, chumvi imekifanya ilivyotaka. Sasa bati la gari ni jembamba tu. Na mimi napita Gongoni katikati ya mashamba ya chumvi mara tatu kwa wiki, upepo wa kusi unapeperusha vumbi jeupe mpaka kwenye kioo, nikirudi nina masanduku ya barafu inayoyeyuka.

Kwa mwaka wa kwanza nilikuwa najitesa kwa kuliosha gari kila siku, najiona mjanja, kumbe nilikuwa naliosha kwa maji ya kisima cha nyumbani. Yale maji hata sabuni hayatoi povu. Nilikuwa natoa chumvi ya Ngomeni natia ya Malindi. Fundi alilamba tone lililokuwa likidondoka kwenye bampa, akatema, akanitazama bila kusema kitu. Tangu hapo naosha mara moja kwa wiki tu, lakini kwa maji ya pepo, ya mfereji yanayotoka Baricho, na sehemu kubwa ya maji inakwenda chini: ndani ya matao ya magurudumu, nyuma ya bampa, juu ya ekseli ya nyuma. Mrija naulaza chini unarusha juu. Mwili wa juu unaweza kusubiri.

Na zipo zile tundu ndogo chini ya milango na chini ya ile kingo. Zimewekwa na kiwanda ili maji yaliyoingia yatoke. Waliopaka ile lami walikuwa wameziziba zote, kwa hiyo kingo ilikuwa chupa. Sasa kila baada ya mvua napitisha kijiti cha ufagio kwenye kila moja. Pale ambapo fundi alichomelea upya tulimimina nta nyepesi ndani kupitia tundu hizo hizo, ikatambaa mpaka pembeni. Wengi hapa wanapuliza oili chafu ya injini chini ya gari. Kutu inazuia kwa muda, sikatai, lakini inashika vumbi na inalainisha bushi za mpira, na inadondoka njia nzima mpaka ardhini tunapochota maji. Mimi siitaki.

Nikaja kwenye kulifanyia gari mabadiliko, na hapo nilianza vibaya tena, kwa mapenzi safari hii. Mdogo wangu wa kiume aliniletea zawadi ya rimu za inchi 16 zilizotumika, na tairi za 195/45. Zilipendeza mno. Gari lilipata sura ya harusi. Nilikwenda nazo siku tisa. Siku ya kumi, kwenye njia ya Mayungu iliyojazwa kifusi cha matumbawe, gurudumu la mbele likaingia shimo lenye ukingo mkali, nikasikia ngwa, rimu ikapinda, tairi likapasuka ubavuni.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Namba ya pili kwenye tairi ni asilimia: ubavu wa tairi ni asilimia ngapi ya upana wake. Zile za mdogo wangu zilikuwa na ubavu wa milimita 88. Zile za kiwandani za gari langu, 175/65 za inchi 14, zina milimita 114. Kimo cha gurudumu zima karibu ni kile kile, ila kwenye rimu kubwa sehemu ya mpira imeliwa na chuma. Na mpira ndio unaolipokea jiwe. Nikarudi kwenye rimu za 14, nikaweka 185/65: ubavu unafika milimita 120, gari linanyanyuka milimita sita na kitu, na mita ya mwendo inadanganya kidogo tu, ikionyesha 80 unakwenda karibu 82. Mdogo wangu alinuna wiki mbili. Rimu tatu zilizobaki aliziuza mwenyewe.

Milimita sita hazitoshi kwenda Ngomeni. Nilipima kwa futi kutoka ardhini hadi sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, gari likiwa na mzigo, nikapata inchi tano kasoro. Katikati ya njia ile kuna tuta la mchanga na mawe lililoachwa na malori ya chumvi, refu kuliko hapo. Na kumbuka tangi langu liko wapi.

Kijana mmoja wa gereji ya barabarani akaniahidi kuninyanyulia gari kwa nusu siku. Aliweka spesa, vipande vya kunyanyulia, za inchi mbili juu ya shoki za mbele na chini ya springi za nyuma. Nilitoka pale nikiwa nimekaa juu kama niko kwenye Prado, na kwa miezi mitatu sikugonga chini hata mara moja. Mwezi wa nne, kila nikikata kona kuingia nyumbani, nikaanza kusikia ta-ta-ta-ta mbele kushoto.

Mzee wa Maweni akalala tena juu ya gunia, nami kando yake, kwa sababu siku hizi nalala bila kuitwa. Akanionyesha shafti. Shafti inatoka kwenye gia kwenda kwenye gurudumu, na imekusudiwa iende karibu na usawa. Ukiinua mwili wa gari inchi mbili, gia inapanda na gurudumu linabaki chini, shafti inakwenda kwa mteremko mkali, na ule mpira wenye mikunjo unaofunika kiungo chake unakunjwa upande mmoja mpaka unachanika. Wangu ulikuwa umepasuka kama mdomo. Grisi yote ilikuwa imerushwa kwenye rimu, na badala yake umeingia mchanga. Akaipaka grisi iliyobaki kwenye kidole gumba na cha shahada, akasugua, akanipa na mimi nisugue. Ilikuwa inakwaruza kama msasa.

"Kiungo hiki ulikisagia unga mwenyewe," akasema.

Tairi za mbele nazo zilikuwa zimelika upande wa ndani tu, kwa sababu yule kijana hakupanga magurudumu baada ya kunyanyua. Gari lolote lililoguswa springi au shoki lazima lipelekwe alaimenti siku ile ile, na hakuniambia. Shafti ya mitumba, mipira miwili mipya, tairi mbili: nilichookoa kwenye tuktuk mwaka mzima kilirudi barabarani.

Tulichofanya baada ya hapo kimedumu mpaka leo. Mbele, spesa ya inchi moja basi. Nyuma, tuliacha spesa kabisa tukatafuta springi ngumu zaidi, kwa sababu tatizo la nyuma halikuwa kimo, lilikuwa uzito: masanduku mawili yaliyojaa ni kama kilo 150, na springi za kwanza zilikuwa zinakaa. Bila mzigo gari linaruka kidogo nyuma na watoto wanalalamika. Nawaambia wavumilie.

Kisha chuma cha kukinga sampu. Hiki nakipenda kuliko vyote, na nilishinda pale gereji nikitazama kinavyotengenezwa. Bati la milimita tatu, limekunjwa mbele kama omo ya jahazi ili jiwe liteleze badala ya kukwama. Mzee alikata tundu moja kubwa chini ya nati ya kumwagia oili, na nyingine nane za ukubwa wa shilingi kumi. Nilidhani ni za kupunguza uzito. Akasema ni za kutolea mchanga, kwa sababu chuma kisicho na tundu kinageuka sinia: kinabeba mchanga mbichi wa chumvi miezi sita chini ya injini. Akakifunga kwa nati nne za kufungulika, si kwa kuchomelea, ili nikifungue na kukiosha. Kwa ajili ya tangi aliongeza vyuma viwili vyembamba vilivyokwenda kwa urefu wa gari, kama mikuku miwili ya mtumbwi. Vina mikwaruzo mpaka chuma cheupe kinaonekana. Kila mkwaruzo ule ungekuwa kwenye tangi.

Kazi ya mwisho haikufanywa na fundi wa magari. Ilinichukua mwaka na nusu kugundua kwamba kutu ya buti yangu haitoki barabarani. Barafu ikiyeyuka, maji ya samaki yalikuwa yanapita chini ya zulia na kukaa kwenye shimo la tairi la akiba. Nililinyanyua zulia siku moja kwa sababu ya harufu, nikakuta vidole viwili vya maji ya kahawia. Nimejaribu turubai, likachanika. Nikajaribu karai la plastiki, likahama kila kona. Ndipo nikamwendea fundi wa boti za faiba huko ufukweni. Alitia makaratasi kwenye buti na viti vikiwa vimelazwa, akachukua umbo lake lote mpaka kwenye vijipembe, akanitengenezea trei moja ya faiba yenye kingo za vidole vinne, ikiteremka kidogo kuelekea kona ya kulia nyuma. Pale kona kuna mdomo na mrija unaotokea chini, mbele ya bampa, na mrija umeshushwa kabisa ili maji yasirukie chuma chochote. Alisema kwa boti hufanya hivyo hivyo. Ilinigharimu shilingi 11,000, na ni pesa niliyotumia vizuri kuliko zote kwenye gari hili. Jioni naitoa, watoto wanakaa, hakuna harufu.

Petroli imepanda kidogo baada ya yote hayo. Nilikuwa napata kilomita 15 kwa lita, sasa nipo 14, wakati mwingine chini ya hapo mchanga ukiwa mzito. Ni bei ya kufika.

Mwezi uliopita nilimlaza mdogo wangu juu ya gunia chini ya Vitz aliyotaka kuinunua hapa Malindi, bisibisi mkononi, mwenye gari amesimama pembeni hana raha. Aligonga kingo yote ya kushoto ikalia vizuri. Ya kulia, karibu na gurudumu la nyuma, akanyamaza, akagonga tena mahali pale pale, akanitazama. Aliishusha bei kwa 60,000, na mwenyewe akakubali bila ubishi mrefu. Iko Maweni sasa, imekatwa upande mmoja, inangoja bati. Yangu itaingia baada yake, kusi ikitulia, maana matao ya nyuma yameanza tena kufura rangi kwa ndani na sitaki kusubiri mpaka bisibisi izame.